Siagi ya Muheto

Mujukuu wangu Espoir,

Huku Masisi tuko wazima, dada yako amejifungua salama. Unaandika wamekupandisha daraja tena, kwa gari za mbio kubwa zaidi, na unauliza kama tate wako alishashinda mbio.

Mara moja, wakati wa Wabeleji. Nilitoka kwa jembe, nikaosha kamyo ya muzungu miaka, kisha akanipa usukani nipeleke maziwa mujini. Mutoto wake, kijana wa rika yangu, akanichokoza na gari yake ndogo. Toka Muheto nilimuacha kwa vumbi. Kufika, tukafungua mitungi: siagi inaelea, kama mama ametikisa kibuyu.

Mutoto alinunuliwa gari ya nguvu zaidi. Mimi nilipewa ile siagi, nikarudishwa kwa jembe.

Dada yako anashangaa mukate wangu naula mukavu. Umuelezee wewe.

Tate wako