Kiti cha Nzanzu

Bwera, 9 Machi 1974

Kaka Nzanzu,

Mvua imeanza, na mbuzi wa Mama amezaa mapacha. Huko studio za Nairobi unawapigia ngoma waimbaji wengi, lakini redio haijataja jina lako hata siku moja. Baba tu ndiye aliyekujua. Masikio yake yalipokufa, alianza kuweka kiganja juu ya redio. Kila alipoupata mdundo wako, alisema, "Nzanzu iko hapa. Kahambu, leta kiti." Nilikileta, kikabaki kitupu.

Baba tulimzika Jumanne. Telegramu tuliyokutumia ilirudi, posta wakasema umehama, kwa hiyo barua hii naituma studio.

Jana ulipiga tena redioni. Niliweka kiganja mwenyewe, halafu nikaleta viti viwili, chako na cha Baba.

Dada yako anayekusikia,
Kahambu