Damu ya Shangazi Nayo Ilijipinda

Mama yangu,

Nimeolewa. Hilo nikuambie kwanza, maana toka Jumamosi nalisema peke yangu jikoni na bado linanifurahisha. Mume wangu anaitwa Placide, anapima damu za wagonjwa hospitalini hapa Élisabethville, na akirudi jioni huniita kutoka barabarani kabla hajafika mlangoni. Majirani wanatucheka. Wacheke tu.

Ungempenda. Alipoanza kunichumbia nilimweleza habari za Ilunga na Mbuyu, wadogo zangu: macho ya manjano, vidole vilivyovimba, mifupa iliyowauma, nawe ukikaa nao ukiwakanda kwa kitambaa cha moto. Nilimwambia pia walichosema upande wa Baba tulipowazika, kwamba ni wewe uliyewala kwa uchawi. Nilidhani atachukua kofia yake aende. Yeye akauliza tu, "Na wewe, damu yako imeshaangaliwa?"

Kisha akanieleza mambo ambayo madaktari wameyajua miaka hii ya karibuni. Damu, Mama, imejaa chembe za mviringo, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kwa watu wengine chembe hizo zikikosa hewa hujipinda kama mundu, zinakwama katika mishipa, na hapo ndipo maumivu. Mtoto hurithi kwa wazazi. Akipata kwa mmoja tu, haugui, tena malaria haimwezi sana. Akipata kwa wote wawili, ndiyo Ilunga, ndiyo Mbuyu.

Kwa wote wawili. Nilimwomba arudie.

Akachoma kidole changu, kisha chake. Tone la damu huwekwa kati ya vioo viwili, pembeni panapakwa mafuta hewa isiingie, halafu linangojwa hadi kesho yake. Sikula. Asubuhi niliinama kwenye mikroskopu: damu yangu ilikuwa imejipinda, yake mviringo kama sarafu. "Basi watoto wetu hawatapata kwa wawili," akasema, akitabasamu hata nikasahau kuogopa. Wasichana wengine huanza kwa kupewa pete. Mimi nilianza kwa kupewa hilo.

Kwenye arusi alikuja shangazi kutoka Pweto na kapu la samaki wakavu. Hakungoja hata chakula kiishe. "Bwana, uangalie," akamwambia Placide. "Iyi tumbo iko ya mama yake, itakula watoto."

Placide akamjibu kwa heshima, "Mama shangazi, unipe damu yako kidogo."

"Unataka kuniloga?"

"Na sindano ya hospitali? Hapana, Mama. Kule kazi iko mingi, wakati wa kuloga hatuna."

Wote wakacheka, na shangazi, kwa kutotaka kuonekana mwoga, akatoa kidole.

Kesho yake nilikwenda naye hospitalini kuangalia. Akaweka jicho kwenye chombo: chembe zilikuwa zimejipinda kama zangu.

"Iyi iko ya nani?"

"Iko yako, Mama."

Akafuta kioo kwa pembe ya kitenge, akaangalia tena. Halafu akaanza kutafuta mwingine wa kumtwisha lawama: basi baba yao, yeye na Baba, ndiye aliyeileta, au bibi yao. Placide akamwambia kwamba wachunguzi wa nyota sasa wanasema hata chuma kilichomo katika damu yetu kiliivishwa ndani ya nyota zilizopasuka kabla dunia haijakuwapo. "Ukitafuta wa kumushitaki, Mama, utafika kule juu."

Shangazi akatazama dirishani. "Kule sifiki," akasema. "Magoti inaniuma."

Leo aliniomba nimlete kwako. Aling'oa majani juu ya kaburi, polepole, akakuita mulamu yangu, yaani wifi yake, jina ambalo hakukuita tena tangu tulipomzika Mbuyu. "Mulamu yangu, nilikusingizia. Ilikuwa kwetu pia." Placide alinishika mkono.

Kesho Shangazi anarudi Pweto, na amesema atawaeleza wenzake wa upande wa Baba yeye mwenyewe. Nami nakuahidi, Mama: watoto wangu watajua habari za damu yao kutoka kinywani mwangu, mapema, kabla mtu hajawaeleza vibaya. Na jina lako litatajwa mezani kwetu bila kushusha sauti.

Lala salama sasa. Nilimuuliza Placide kama hiki nilichorithi kilitoka kwako au kwa Baba. Anasema mikroskopu haiwezi kujua. Basi nimechagua mwenyewe. Kimetoka kwako, na ninakitunza.

Mwanao,
Béatrice