Wawili Wapite, Mmoja Asubiri

Biryogo, Kigali
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani pako Buyenzi, goti limepoa na kifua hakikusumbui tena. Shemeji naye natumaini amesharudi salama kutoka Cibitoke. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu, nami nakuomba uyasome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Barua yako niliikuta juzi kwa Mzee Seif, mwenye baraza ninaposhonea. Niliisoma nimesimama, vumbi la safari bado miguuni. Umeandika: "Mlete mtoto kwangu. Wewe na yeye mnaruhusiwa kupita. Huyo mwanamke atafuata nchi yake ikikubali." Nimeirudia mara tatu. Najua umeandika kwa huruma. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mama alipofariki, ukaacha shule kwa ajili yangu, na neno lako sijawahi kulikataa. Ndiyo maana nataka usikie yote kutoka kwangu, si kwa madereva.

Yalianzia redioni. Siku hiyo baraza lilikuwa limejaa wateja wa sikukuu. Mtangazaji akasema ile Jumuiya ya nchi zetu tatu imepiga hatua: sasa raia watavuka mipaka kwa kitambulisho tu, bila viza wala kibali cha kukaa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaacha cherehani, nikapeana mkono na kila mtu. Miaka sita nimekuwa nikipanga mstari kuongeza kibali, Dada, unajua mwenyewe.

Asha, mke wangu, alikuwa mlangoni, mtoto wetu Rehema mgongoni. Akauliza, "Nchi zote tatu?"

Mzee Seif akaongeza sauti ya redio, akasikiliza, kisha akapunguza. "Kwa umeme na posta, zote tatu. Kwa kupita mpaka, mbili zinaanza, Rwanda na Burundi. Zaire imeomba muda. Wamekubaliana kila nchi iingie ikiwa tayari."

"Kwa hiyo chumba chetu kimoja," Asha akasema, "baba anapita, mtoto anapita, mgeni ni mimi."

Alicheka, na sisi tukacheka. Niliona ni jambo la wiki mbili tatu. Wakubwa wakishakaa meza moja, nilijiambia, huyo wa tatu atakosaje kutia sahihi?

Hata mwezi haukuisha, ikaja telegramu kutoka Bukavu kwamba baba yake Asha amezidiwa. Mzee yule nilimwona mara moja tu, siku ya posa, na alinipokea kama mwanawe. Nilikuwa na nguo za harusi mkononi, sikuweza kuondoka. Nikawasindikiza Asha na mtoto mpaka Nyabugogo asubuhi, nikawapandisha kwenye basi la Cyangugu, na sikuwa na wasiwasi wowote. Kibali chake cha kukaa Kigali kilikuwa bado hai, tena kilikuwa ndani ya pochi yake, nimekikagua mwenyewe.

Pale darajani Rusizi, mpakani na Zaire, wakati wa kutoka, wakakichukua. Walimwambia vibali vya aina ile vimefutwa, mpango mpya umeanza. Asha hakubishana. Baba yake alikuwa kitandani ng'ambo, nani angesimama kubishana? Alifika, akamuuguza siku nne, na mzee akafariki, Mungu amrehemu. Matanga yalipokwisha akarudi darajani na mtoto. Hapo ndipo alipoambiwa kibali cha zamani hakipo tena, na mpango mpya haujamhusu.

Nilipopata habari nilikwenda ofisini hapa Kigali siku tatu mfululizo. Karani alikuwa mtu mstaarabu. Alinifungulia kabati nione mwenyewe. Fomu za zamani zimeondolewa, fomu mpya kwa watu wa Zaire hazijachapwa, maana wanangoja Zaire itie sahihi, na ikishatia sahihi fomu hazitahitajika. "Sasa mke wangu aombe kwa karatasi gani?" nikamwuliza. Akafunga kabati polepole. "Mzee, hata mimi najiuliza." Ndipo nikakutumia wewe ujumbe kwa dereva, nikaenda mwenyewe.

Nilifika darajani saa nne asubuhi. Mimi siwezi kuvuka kwenda kwao kwa kitambulisho, na yeye hawezi kuja kwetu, kwa hiyo tulionana kwenye kizuizi, mti umelala katikati yetu. Alikuwa amekonda, Dada. Nguo nyeusi ya msiba ilimning'inia. Rehema aliponiona akacheka na kunyoosha mikono.

Ofisa akatazama karatasi zetu moja moja. Kijana mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Wewe iko Murundi, unapita. Mutoto alizaliwa Kigali, baba iko Murundi, anapita. Bibi iko bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka wakubwa yao wasaini." Akashusha sauti. "Mimi sina ubaya na yeye. Nikimupitisha, kesho mimi iko nje ya kazi. Chukua mutoto, baba. Bibi atakuja nyuma."

Nilimtazama Asha nikitegemea atakataa. Nyuma yake watu wa sokoni walikuwa wanasukumana na vikapu, mmoja anapiga kelele kwamba tunawachelewesha. Asha akafungua kanga, akamshusha mtoto, akamnyonyesha palepale amesimama, uso ameugeuzia mtoni. Kisha akampitisha juu ya ule mti.

"Mchukue," akasema. "Kwangu kuna wagonjwa wa kuhara nyumba nzima. Kigali kuna kliniki yake. Mchukue kabla sijabadilisha mawazo."

Na mimi nikamchukua. Hili sijamwambia mtu mwingine. Nilimchukua mtoto wa miezi mitano kwa mama yake kwa sababu sheria iliniruhusu, nikapanda naye kilima mpaka Kamembe, upande wa Rwanda, nikaingia kwenye kaminyoneti, kigari cha abiria cha kwenda Kigali. Hata mawazo yako, Dada, yalikuwa yangu pia wakati ule. Nilikuwa nikijiambia nitampeleka Buyenzi kwa shangazi yake.

Gari lilichelewa kujaa. Rehema akaanza kulia. Nikampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akatema. Nikamwimbia, akalia zaidi, mpaka sauti ikakauka. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, muuza samaki, akampokea, akampapasa tumbo.

"Mama yake yuko wapi?"

"Ng'ambo."

"Amekufa?"

"Hapana."

"Mgonjwa?"

"Hapana, mzima."

"Ameachika?"

"Hapana, mama. Ni mke wangu."

Akanikazia macho. "Sasa huyu mtoto analia nini mikononi mwangu?"

Gari zima lilikuwa likinisikiliza. Ningemweleza nini, habari za nchi mbili kutangulia na ya tatu kufuata? Nikachukua mtoto na mfuko, nikashuka. Nadhani nilikimbia sehemu ya ule mteremko.

Yalikuwa yamepita masaa matatu tangu niondoke. Asha alikuwa bado pale, amekaa chini kando ya daraja, mgongo kwenye chuma, kifua cha nguo yake kimelowa maziwa. Hakusimama aliponiona. Ofisa mwenyewe ndiye aliyemchukua mtoto mikononi mwangu akampelekea. Asha alipomweka titini, Rehema akanyamaza mara moja, na mimi nikageuka nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Yule mama wa samaki alikuwa ameshuka nyuma yangu, sikumwona. Ndiye aliyemwambia ofisa, kwa Kinyarwanda na kwa ukali, kwamba wao watu wa mtoni wana karatasi yao ya komini, ile serikali ya mtaa wao. Wanaokaa kando ya mto, pande zote mbili, wanaruhusiwa kuvuka kwa ajili ya soko na jamaa, mradi wagongewe muhuri kila siku ya tatu. Ni mapatano ya zamani, hakuna aliyeyagusa. Mama yake Asha anakaa komini ya mtoni. Asha alizaliwa humo. Ofisa akakuna kichwa. "Hiyo iko kweli," akasema. "Lakini haipiti msitu wa njia ya Kigali. Akionekana kwenye kizuizi cha Nyungwe, anarudishwa na karatasi inachanwa."

Tulihangaika siku mbili kuipata. Sasa Asha na mtoto wanakaa Kamembe, chumba kimoja nyuma ya duka la chumvi. Kila siku ya tatu anashuka darajani, anagongewa muhuri, anapanda. Kigali hawezi kufika. Basi Kigali ndiyo itakayohama.

Nimekuja kuchukua cherehani yangu na vyombo. Mzee Seif aliposikia aliendelea kukata kitambaa mpaka mwisho wa mstari wa chaki. Kisha akasema, "Wateja wa miaka sita unawaacha kwa muhuri wa siku tatu? Na wakiufuta?"

Wanaweza kuufuta. Hilo ndilo linaloniamsha kabla ya alfajiri. Pale darajani wanasema mapatano madogo yote yataingizwa ndani ya yale makubwa, na asiyekuwemo kwenye makubwa atapoteza hata madogo. Wengine wanasema Zaire itasaini kabla ya masika. Sijui. Kila lori la serikali likisimama naona kama limeleta tangazo. Lakini kesho asubuhi napanda basi Nyabugogo.

Kwa hiyo, Dada, mtoto sitamleta. Ni mara ya kwanza nakwambia hapana. Nimeshamtenga na mama yake kwa masaa matatu, na nimeona.

Nina ombi badala yake. Hukuja kwenye harusi yetu, ulisema nioe wa kwetu, na mimi sikukulaumu. Asha hajakuona hata picha. Yeye hawezi kuja kwako. Mimi sitamwacha. Lakini kitambulisho chako cha Burundi, tangu tangazo lile, kinapita. Kutoka kwako mpaka Kamembe kwa njia ya Bugarama ni safari ya asubuhi moja. Katika familia hii nzima wewe ndiye unayeweza kusafiri bila kumwomba mtu ruhusa. Njoo umwone wifi yako.

Nisalimie shemeji, mume wako, ambaye njia ya Bugarama anaijua kuliko barabara ya nyumbani. Nisalimie mjomba Hamadi aliyenifundisha kushika mkasi, mwambie bado naukata upindo kama alivyonionyesha. Nisalimie pia Mama Zaina jirani, aliyetuazima jiko siku zile za msiba wa mama.

Mungu akupe afya na akulainishie moyo. Ukifika Kamembe usiulize fundi Saidi, pale bado hawanijui. Uliza nyumba ya Asha.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Saidi