Jinsi Nilivyomkimbiza Mama Selina kwa Kinanda

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua inapiga mabati tangu tutoke kanisani, ile mvua ya kupanda ambayo wateja wangu wamekuwa wakiiombea, na mimi nimeketi na kikombe cha pili cha chai nikijicheka. Saa nane mchana nilikuwa nalia. Kwa hivyo tuseme siku imeendelea vizuri.

Wacha nianze na jana.

Jana Nekesa alikuja, kama kila Jumamosi. Nekesa ni karani katika ofisi moja hapa mjini, mtu wa Bungoma, rafiki yangu tangu watoto wetu wakiwa chekechea. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo. Tuna mapatano yetu, mwaka mzima sasa: mimi namfundisha kuoka, yeye ananifundisha kinanda. Kwenye kinanda alinitangulia kwa miaka mitatu. Mimi nimeanza nikiwa na miaka arobaini na minane, na vidole vyangu bado vinadhani kazi yao ni kufunga magunia.

Tulianza na keki. Alikuwa na maelekezo ya video aliyoipata kwa simu: vijiko viwili vya baking powder. Nikamwambia aweke kimoja. Huku Eldoret tuko nyanda za juu sana, hewa ni nyepesi, keki hupanda mbio kabla haijashikana, halafu inaporomoka. Nilijifunza hilo kwa kuharibu keki ambazo sitaki kuzihesabu.

"Mama Chebet, huyo mtu wa video ako na followers wengi kukuliko," aliniambia. "Wacha nifuate recipe."

Keki ilipanda ikapendeza hata akaipiga picha kupitia kioo cha oveni. Dakika kumi baadaye ilikuwa na bonde katikati. Tulilijaza jamu, tukala, tukacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza ni nani amechekesha watu namna hiyo.

Kisha tukahamia sebuleni, kwenye kinanda, na hapo kicheko kikaniisha.

Mpigaji wetu wa kinanda kanisani alihamishwa kikazi mwezi uliopita. Mzee Kosgei, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikubali kunijaribu mimi. Jumapili moja, wimbo mmoja, ule wa sadaka. Nikiweza, kiti ni changu. Nikishindwa, watatafuta mtu kwingine.

Naomba nikiri kitu. Nakitaka kiti kile kuliko ninavyojifanya.

Mimi ni mtu wa keki. Kila harusi, kila harambee, kila ugeni wa askofu, utasikia mwambieni Mama Chebet alete keki. Naipenda kazi hiyo, sidanganyi. Lakini keki huliwa watu wakiongea mambo yao. Nilitamani, hata kwa wimbo mmoja, kanisa zima liimbe na mikono yangu iwe chini ya sauti zao.

Shida ni kwamba najua vitufe vyeupe tu. Nikigusa cheusi napotea. Nekesa alinionyesha ujanja ambao wapigaji wengi wanautumia: kinanda cha umeme kina kitufe kidogo cha kupandisha au kushusha sauti zote kwa pamoja. Mwimbaji akianza juu, unabonyeza mara moja au mbili, na vyeupe vyako vinamfikia pale alipo. Jana nilibonyeza vizuri kabisa. Nekesa aliimba juu, nikamfuata. Akashuka, nikamfuata. Nililala nikijiona mpigaji.

Leo nikakutana na Mama Selina.

Mama Selina ndiye mwimbishaji wetu, na amekuwa mwimbishaji tangu kanisa likiwa la mbao. Kwetu kinanda hakimwanzishii mtu wimbo. Yeye ndiye huanza, mahali koo lake linapomtuma, na mpigaji humtafuta hapo hapo mpaka ampate. Mtu mwenye akili angemwendea mapema na kumwomba asubiri sauti ya kwanza kutoka kwangu. Nililifikiria jambo hilo wiki nzima. Lakini mama wa miaka sabini na kitu, aliyeniimbia siku ya ubatizo wangu, ningemwambiaje aanzie wapi?

Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu, wala si vidole.

Akaanza. Nikapiga, nikasikia niko chini yake. Nikabonyeza. Bado. Nikabonyeza tena, mara mbili, na miwani yangu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko kwa Nekesa benchi ya tatu, kwa hivyo nambari kwenye kioo kidogo cha kinanda sikuziona. Nikampita. Nikarudi, nikawa chini zaidi. Yeye naye, kwa kusikia kelele, akapandisha sauti ili aikimbie, na mimi nikamkimbiza. Watu walikuwa wamesimama na sadaka mkononi hawajui waende mbele au wakae. Katika ubeti wa pili niliondoa mikono, nikaiweka mapajani.

Waliimba ubeti wote uliobaki bila mimi. Waliimba vizuri sana. Hilo ndilo lililoniuma.

Nje, Mzee Kosgei alinishika mkono akasema, "Tutaongea, mama." Nekesa alinipa mkoba wangu akaniambia nimeporomoka katikati kuliko keki yake. Nilicheka kwa sababu ni yeye. Nilipofika jikoni kwangu nikalia, nikamwambia mume wangu kinanda kiuzwe. Akasema sawa, kitauzwa, lakini nile kwanza.

Saa tisa na nusu hivi mlango ukabishwa. Mama Selina, gambuti mguuni, mwavuli umepinduliwa na upepo, ametembea kutoka kwake kwenye tope lote lile. Nilianza kuomba msamaha kabla hajaketi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hiyo mashine ilikuwa inanifukuza, ama mimi ndio nilikuwa naikimbia?"

Nikamwambia ukweli wote, mpaka ule wa kuogopa kumwambia aanzie wapi.

"Na mimi sijui naanzia wapi," akasema. "Mimi nafungua tu mdomo."

Nikamwomba afungue. Akaimba mstari wa kwanza pale kwenye kochi, na mimi nikamtafuta kwa kidole kimoja, polepole, bila mtu wa kusubiri. Nikampata. Kitufe cheusi, kile cha katikati katika vile vitatu vilivyokaa pamoja. Tukanywa chai. Tukaongea habari ya mbegu, ya nyonga yake, ya mjukuu wake anayeolewa. Baada ya nusu saa nikamwomba aimbe tena. Cheusi kile kile. Nikamwomba mara ya tatu akiwa amesimama anafunga kitambaa, akidhani namsumbua.

Kile kile.

Miaka yote hiyo tumesema Mama Selina huanza popote. Kumbe ana mahali pake, na wimbo ule hajawahi kuuhamisha. Nilipomwonyesha, alikibonyeza mwenyewe kwa kidole gumba, akaguna, akaniambia kumbe yuko hapo.

Akiwa mlangoni ndipo akanitolea kilichomleta. "Nimemwambia Kosgei asitafute mtu. Jumapili ijayo naimba na wewe, ama siimbi."

Akatoka. Sasa namwogopa yeye kuliko nilivyomwogopa mwenyekiti, kwa sababu nikianguka tena, nitaanguka naye.

Nilirudi kwenye kinanda nikiwa nimeamua jambo moja: kile kitufe cha ujanja sikigusi tena. Nitaujifunza wimbo kutoka pale alipo yeye, na vyeusi vyake vyote. Nikaweka kidole, nikapiga mstari wa kwanza, nikakosea. Nikarudia, nikakosea mahali pengine. Mara ya tatu nikafika nusu.

Hapo nikasikia sauti kutoka verandani. Kumbe Mama Selina alikuwa hajaenda, alikuwa amejikinga mvua ipungue, amenipa mgongo pale dirishani. Aliingia katika wimbo pale pale nilipokuwa, hakuniita, hakugeuka. Nikaendelea. Kwenye mstari wa tatu nikakwama, sikujua kidole kinachofuata kiende wapi.

Hakuniacha. Alilishikilia neno lile moja, akalivuta, akalivuta, mpaka nikafika.