Kibuyu cha Mama Jebet

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Nilikuwa naichuja Mama Jebet alipobisha, nawe ukakimbilia chumbani. Alitaka jibu: tutajiunga na familia nane zinazojenga pamoja kule Yamumbi, jiko moja, tangi moja la maji ya mvua? Nikasema umelala. Ukakohoa! Akacheka, kisha akalia. "Mwaka ule wa vita vya uchaguzi mlipokimbilia kwangu, niliwafungia geti kwa woga. Mwambie anisamehe."

Ameacha kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. ~~Kirudishe leo.~~ Usikirudishe kitupu, mbebee omena, dagaa wetu wa ziwani.

Mama, nimechoka kuhamahama tangu tuchomewe nyumba. Kwako nilishindwa kusema, lakini pale mlangoni ilinitoka kwa sauti: "Mimi nataka tuishi nanyi."

Binti yako,
Aluoch