Pingili ya Shingo na Mbegu za Bi Somoe

Jumatano, baada ya isha

Mkono bado unauma. Mgambo washenzi! Bi Somoe alikuwa bado anafunga mizigo ya kuhamia kijiji cha ujamaa, wakaitia moto nyumba yake ili asirudi.

Nilijitosa kwenye moshi, nikatoka nimekumbatia pingili ya shingo ya dinosaria iliyogeuka jiwe, ambayo mimi na wachimbaji wenzangu tuliichimba mwezi mzima na kuihifadhi kwake.

"Umepita chini ya mbegu zangu za mahindi zilizoning'inia darini, ukabeba jiwe?" Bi Somoe akaniuliza. Akachukua mchi, akaiponda pingili mpaka ikawa changarawe.

Nikamnyanyulia mkono, mimi ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Ningempiga. Aliyeniwahi, akanipinda mkono mpaka nikapiga magoti, ni mgambo yuleyule aliyewasha moto.

"Huna haya?" akanifokea. "Huyo ni mama yako!"