Bunduki ya Ishirini na Mbili Imenichosha

Nyumba ya Kolumanda,
Kijiji cha Ambukeri,
Kodagu, India.

14 Septemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Nanjappa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye mvua isiyojua kukatika. U hali gani? Wifi yangu Dechi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na kile kifua chako kilichokusumbua wakati wa theluji kimepona? Sisi hatujambo. Baba ni mzima, anakula vizuri na analala vizuri, ila masikio yamefunga duka kabisa. Ukitaka akusikie lazima uweke mdomo kwenye sikio lake la kulia na upige kelele. Mimi goti linaniuma nikipanda mteremko wa mipilipili, lakini nani anauliza.

Barua hii imechelewa kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Hasira bado ninayo, ila imepungua kiasi cha kuniwezesha kushika kalamu. Mwezi wa sita nilikuandikia kwamba nimechoka na bunduki ya nyumba, hiyo ndogo ya risasi za ishirini na mbili, na kwamba siku ya Kailpodh, sikukuu yetu, silaha zikitolewa na kuvishwa maua, nataka kuikabidhi kwa Bidappa mtoto wa baba mdogo. Nilikwambia wazi kwamba nikiiacha mimi, nyumba yetu haitakuwa tena na mtu wa kusimama uwanjani kwenye mashindano ya kupiga nazi kwa risasi, kwa sababu wewe uko Kanada na Baba hawezi. Kurasa tatu niliandika. Ukanijibu kwa ujumbe wa simu, maneno mawili: "Fanya upendavyo."

Nanjappa, mtu akikwambia anataka kuacha jambo alilolifanya miaka thelathini na moja, humjibu kama mtu aliyekuuliza apike samaki au nguruwe. Ulipoondoka uliniachia Baba, bunduki na paa linalovuja. Angalau ungeuliza kisa.

Basi nikueleze kisa bila kuulizwa. Ile ishirini na mbili imenitoka moyoni. Inalia kama kijiti kinachovunjwa. Nazi imefungwa kule juu ya mti, unavuta pumzi, unalenga, unafyatua, na nazi inabaki pale pale inakutazama. Kitobo chake hakionekani. Huna uhakika kama umepata mpaka maji yaanze kudondoka, na wote mnasimama mmeinua shingo mkisubiri tone. Mwaka jana nazi yangu ya mwisho ilikuwa mbata tupu, imekaukia kwenye kifuu. Mwamuzi alitazama kwa darubini, akasubiri, akatikisa kichwa. Nikamwambia waiteremshe wakaione. Akasema hapandishi mtu mtini kwa ajili ya nazi moja. Bidappa naye akanipigia kelele mbele ya uwanja mzima: "Dada, chagua yenye maji! Hiyo mzee mwenzio!"

Lakini si mwamuzi aliyenimalizia hamu, wala si Bidappa na mdomo wake. Unakumbuka Baba alivyotufundisha. Yeye anakaa barazani, sisi tunapiga nazi kwenye ule ukingo wa udongo nyuma ya zizi, naye hata hatazami. Anasikiliza tu na kutangaza risasi ilipopata. "Kifuu!" "Makumbi!" "Hewa!" Hakukosea hata mara moja, na wewe ulikuwa ukilia kila akisema hewa. Sasa ni mwaka wa nne hasikii kitu. Nilikuwa napiga, nageuka, namkuta anaangalia kuku. Kila Jumapili nilikwenda pale nyuma ya zizi kama mtu anayekwenda kukamua ng'ombe, na nikipata au nikikosa ilikuwa sawa. Nilichoka, Nanjappa. Nilichoka vibaya.

Sasa sikia lililotokea wiki moja kabla ya Kailpodh. Najua silaha zilipaswa kupumzika mpaka mpunga wote upandikizwe, lakini sisi shamba letu la mwisho tulikuwa tumelimaliza jana yake. Nikaitoa ile bunduki ya babu, ile nene ya mia tatu na kumi na tano, ambayo haijapigwa tangu ulipooa. Risasi zake zimebaki kumi na mbili. Nilijiambia kwamba kabla sijaachana na bunduki moja kwa moja, angalau nisikie moja inayojua kulia.

Nikaweka nazi kwenye kigingi mbele ya ukingo. Risasi ya kwanza ilinipiga bega, ikanirudisha hatua mbili, ikaingia kwenye udongo. Hasira zikanipanda, nikakoki, nikafyatua ya pili papo hapo. Safari hii hapakuwa na kusubiri tone. Nazi haikuwepo tena! Vipande vyake nimeviokota mpaka juu ya bati la zizi. Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwenda wazimu, na bega linawaka moto.

Hebu fikiri sasa. Milio miwili ya bunduki kubwa, mmoja baada ya mwingine, kutoka nyumba yenye mzee wa miaka themanini na sita. Mimi niliyezaliwa hapa hapa, niliyesikia tangu utotoni kwamba mlio mmoja ni mtoto wa kiume amezaliwa na miwili ni msiba, sikukumbuka kabisa. Na nalaumu ile ishirini na mbili. Hiyo hata ukiipiga mara mia, jirani hainui kichwa. Imenizoesha vibaya.

Nilipofika barazani Baba alikuwa amesimama, ameshika nguzo, macho yamemtoka. "Nani amekufa?" akaniuliza. Nilimpungia mikono kwamba hakuna. "Usinifiche," akasema, "nimesikia miwili." Neno "nimesikia" sikuwa nimelitegemea.

Kabla sijamfikia sikioni, bibi Neelamma wa ng'ambo ya shamba alikuwa ameshaingia uani, tope la mpunga mpaka magotini, analia jina la Baba kwa sauti: "Muddappa jamani! Umetuacha na mpunga haujaisha!" Akainua macho, akamwona Baba kakaa tena kwenye kiti na kikombe cha kahawa mkononi.

"Umekuja kumlilia nani?" Baba akamuuliza.

Neelamma akamwinamia sikioni. "Wewe!"

"Nimekufa lini?"

"Sasa hivi! Mlima mzima umesikia!"

"Basi kaa unywe kahawa. Mazishi hayajaanza."

Walikuja watu arobaini na kitu. Wengine walikuwa na matope, wengine wameshajifunga nguo nyeupe za msiba, na mmoja ameacha ng'ombe wake na jembe katikati ya maji. Bidappa alifika anahema, mweupe kuanzia kilemba mpaka viatu. Kuni za kuchomea maiti ameshaagiza.

"Dada, umetuua kwa mbio! Nimeshawaambia ndugu zetu wa Mysuru wapande basi!"

"Waambie washuke."

"Niwaambie nini? Kwamba mzee kafufuka?"

"Waambie dada yako ni mjinga."

"Hilo wanalijua, halitawashusha kwenye basi," akasema, na watu wakaangua kicheko. Neelamma naye akang'ang'ania kwamba machozi yake hayatatoka tena mara ya pili, na siku ya kweli tusimlaumu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nyumba ya msiba haiwashi moto, lakini yetu haikuwa ya msiba, kwa hiyo ilinibidi nipike. Nilipika mchuzi kwa nyama yote ya nguruwe niliyokuwa nimeiwekea sikukuu, nikafinyanga vidonge vya wali mpaka vidole vikafa ganzi. Wakala, wakashiba, wakanitania, na Bidappa akala kuliko wote.

Walipokuwa wanakula ndipo Baba alipouliza aliyepiga ni nani. Wote wakaninyooshea vidole. Akanigeukia. Akasema, "Kumbe bado unapiga?" Akaendelea, polepole: "Nilidhani uliacha tangu mwaka ule masikio yangu yalipofunga. Sikutaka kukuuliza, nisije nikakutia aibu."

Miaka minne, Nanjappa! Kila Jumapili, hatua thelathini kutoka kwenye kiti chake, na yeye akidhani nakwenda zizini. Mimi nikidhani amechoka kunisifu, yeye akidhani nimeacha, na hakuna aliyefungua mdomo. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikaikasirikia ile bunduki kimya kuliko wote. Nikaingia jikoni nikalia, na sitaki kusingizia vitunguu.

Siku ya Kailpodh ikafika. Ile ya babu hairuhusiwi kwenye mashindano, ni ishirini na mbili au za marisau tu, kwa hiyo nilibeba kile kibunduki kwa shingo upande. Nilikuwa nimemwahidi Bidappa kwamba tukitoka uwanjani kitakuwa chake. Baba akasema naye anakwenda. Nikamwambia kuna matope, hatasikia kitu, atachoka bure. Akachukua fimbo na kutangulia.

Nilipopiga goti kwenye mstari, yeye akaja akasimama nyuma yangu na kunibandika kiganja mgongoni, hapa kwenye bega la kulia. Mwamuzi akamwambia mzee arudi nyuma. Baba hakusikia, au alijifanya. Nikafyatua.

"Hewa!" akatangaza.

Na kweli, ilikuwa hewa; alikuwa anasikiliza kwa kiganja. Nikafyatua ya pili. "Kifuu!" akasema, mwamuzi bado amebandika darubini anasubiri tone. Tone likaja. Ya tatu, "Kifuu!" Tone likaja tena. Uwanja ukaanza kushangilia, si mimi, ni Baba. Ya nne akasema hewa, kisha akawageukia watu na kuwaeleza makosa yangu kwa sauti ya kiziwi: "Anavuta kama anachota maji kisimani! Bega linakimbia kabla ya risasi! Tangu mdogo yuko hivi!"

Nilichemka. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, nafundishwa mbele ya watu mia tatu. Nikamwambia kwa kumpiga kiwiko anyamaze. Akaninong'oneza, au alidhani ananong'ona, kwamba nipumue nje nusu na nimsubiri yeye. Nikapumua nje nusu. Nikasubiri. Kile kiganja kikatulia, nami nikatulia, nikafyatua. "Kifuu," akasema, taratibu, kama mtu anayesema amina.

Nazi tatu kati ya tano. Karani mmoja kutoka Gonikoppal alipata zote tano akachukua kikombe. Niliudhika kiasi kwamba sikula. Lakini kesho yake kulipokucha, na goti lote hili, nilikuwa nyuma ya zizi na ishirini na mbili, na Baba nyuma yangu. Keshokutwa vilevile. Risasi nilizozitunza nusu mwaka zimekwisha kwa wiki moja. Leo mvua imetuzuia, na amekuwa akizunguka nyumba kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Usidhani nimeanza kuipenda. Ishirini na mbili bado ni kibunduki cha kuudhi, bado kinalia kama kijiti, na mwamuzi yule bado ni kichwa maji. Ila nimegundua kwamba sikuwa nimechoka kupiga. Kwa hiyo ile barua yangu ya mwezi wa sita ichane. Bunduki haitoki hapa. Bidappa nimeshamwambia, amenuna siku mbili, sasa anasema ni heri, maana angepiga yeye Baba angemtangaza vibaya zaidi.

Kuna jambo moja nililiruka pale juu, na nimezunguka nalo mpaka hapa kwa sababu sikujua nitaliandikaje. Siku ile ya msiba wa uongo, watu walipokuwa wanakula, Baba alipitisha macho uani, uso kwa uso, akihesabu nani amekuja kumlilia. Alipomaliza akauliza, "Nanjappa yuko wapi?" Bidappa akamwinamia sikioni akamwambia wewe bado hujaambiwa. Baba akasema, "Basi mwambieni nimekufa. Akisikia hivyo atapanda ndege leo leo."

Watu walicheka sana. Neelamma kikombe kilimponyoka. Mimi sikucheka, na Baba mwenyewe hakucheka, alirudi kwenye kahawa yake. Mwaka huu ni wa tisa hujakanyaga hapa, mdogo wangu.

Msalimie sana Dechi, umwambie pilipili manga yake nimeianika inamngoja. Wabusu watoto. Bibi Neelamma anakusalimu, Bidappa anakusalimu kwa shingo upande. Mababu wa nyumba hii na Mama Kaveri, mto wetu mtakatifu, wakufunike wewe na wote walio chini ya paa lako.

Baba alitaka nikwambie vingine, lakini mimi siwezi kukudanganya. Hajafa. Njoo hivyo hivyo.

Wako akupendaye hata akikasirika,
dada yako Chondamma